Waliozaliwa Mwisho wa Mwezi

Jumatatu, 2 Juni

Hata chai sijamaliza, nesi wa chanjo ananipigia kutoka hospitali. Kuna mama amewaka dawatini kwake: wenzake wote waliojifungua Septemba wameitwa kwa meseji walete watoto wachanjwe surua, yeye kimya. Nikasema labda ni simu yake. Nesi akasema namba ameipiga mwenyewe na imeita.

Mfumo wa meseji ninautunza mimi, nimeangalia. Mtoto yumo kwenye databesi, ghala letu la kumbukumbu; amezaliwa tarehe 30 asubuhi. Kwenye orodha ya kuitwa — hayumo!

Nikashuku mpangilio wa tarehe. Manesi huandika siku, mwezi, mwaka. Databesi inataka mwaka utangulie. Lakini kugeuza huko niliandika mimi, na nilikuwa makini. 30/09 inatoka 2024-09-30. Safi kabisa.

Jumanne, 3 Juni

Sioni kitu. Mkubwa kapita nyuma ya kiti changu mara tatu. (Mkubwa ni bosi wetu. Kwa kimo namzidi.) Anasema mtoto mmoja tu, niachane naye.

Jumatano, 4 Juni

Nimeiona. Heri nisingeiona.

Nesi aliuliza kama utani: mbona ni muda sasa hajaletwa kwa meseji mtoto hata mmoja wa tarehe thelathini na moja? Nikaufungua mfumo upya, mbio!

Swali ninaloiuliza databesi linasema: nipe waliozaliwa kuanzia tarehe mosi hadi tarehe ya mwisho ya mwezi, tuseme thelathini. Mimi nikisema thelathini namaanisha siku nzima. Yenyewe, kwa kuwa sikuitajia saa, inachukua ile sekunde ya kwanza siku inapoanza, basi. Aliyezaliwa asubuhi yake yuko nje. Na orodha ya mwezi unaofuata inaanzia mosi. Kwa hiyo hana mwezi.

Zamani haikuwa hivyo. Fomu ilikuwa na tarehe tupu. Madaktari wakaomba saa ya kuzaliwa iongezwe. Nani aliiongeza? Mimi. Nilipigiwa makofi kikaoni.

Miaka miwili. Watoto mia moja themanini na saba. Wengi mama zao waliwaleta wenyewe kwa kufuata kadi. Arobaini na mmoja hawana alama yoyote kwamba wamechanjwa.

Kurekebisha: dakika nne. Kuanzia mosi, hadi kabla ya mosi inayofuata. Dakika nne!

Alhamisi, 5 Juni

Nimemweleza Mkubwa. Akafunga mlango. Akasema vizuri, umerekebisha, yameisha. Hao arobaini watumie meseji leo, hakuna haja ya kuwatangazia hospitali. Nani atatuamini tena? Nikamwambia meseji imechelewa, wengine hata namba wamebadilisha, na wanaojua wanapoishi ni manesi. Akasema nifikirie na wenzangu pia, si roho yangu tu.

Nimefikiria. Hana roho mbaya. Anaogopa, na mimi pia naogopa. Ila tofauti ni kwamba swali lile lina jina langu.

Halafu jioni nikakumbuka kitu, nikakaa kitako kitandani. Mtoto wa mdogo wangu wa kike! Alizaliwa tarehe thelathini na moja. Mwaka jana mama yetu alimsema mdogo wangu mbele ya mawifi zake kwamba anasubiri mpaka akumbushwe chanjo kama mgeni. Akajitetea kuwa hakupata meseji. Nami, mtaalamu, nikasema mfumo haukosei, wewe hufuta meseji bila kusoma.

Nimempigia. Nimemweleza yote.

"Kwa hiyo dada, mwaka mzima nimeitwa mzembe bure?"

Nikasema ndiyo. Nikasema nisamehe. Akasema mtoto yuko salama, alishachanjwa, mama alimkokota mwenyewe. Kisha akasema, "Na wasio na mama kama wetu?"

Nikaichapisha orodha ya wale arobaini na mmoja.

Ijumaa, 6 Juni

Sikwenda ofisini. Nimekwenda hospitali na orodha mkononi, nikamwambia nesi yote, nimesimama. Nilitegemea anifokee. Akavuta kiti. "Kaa mwanangu. Simu mbili tunazo. Wewe anza juu, mimi naanza chini."

Kufikia saa sita tumepigia kumi na tisa. Kumi na moja wanakuja leo au kesho. Watano walichanjwa kwingine — nikashangilia kila mmoja kama goli. Watatu namba hazipo tena. Mkubwa kapiga mara nne, sijapokea.

Kwa wa ishirini akapokea mwanamume. Nikajitambulisha, nikauliza kuhusu mtoto. Akasema mke wangu yuko naye, wamelazwa tangu juzi, ana homa na vipele mwili mzima. Nikauliza hospitali gani.

Akaitaja hii hii.

Nesi alikuwa ananitazama mdomo. Akavua miwani, akashuka ngazi, nami nyuma yake. Wodi ya watoto iko chini tu ya chumba tulichokuwa tukipigia simu.

Naandika haya kwenye benchi nje ya mlango. Barakoa wamenipa, inanibana masikio. Ndani kuna mtoto anakohoa, sijui kama ndiye. Simu inatetema mfukoni, ni Mkubwa.

Nesi ametokeza kichwa. Anasema mtoto anapumua kwa oksijeni, daktari yupo. Anasema mama yake ameshaambiwa kwa nini hakuitwa.

"Anauliza aliyeuandika mfumo huo yuko wapi. Nimwambie umeondoka?"