Fulana Isiyonuka Jasho

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umri wako unaruhusu, na kama hauruhusu basi pole na kazi. Naomba unijibu kabla Jumamosi haijafika, maana mume wangu kasema Jumamosi atachagua mwenyewe ikiwa mimi nitashindwa kuchagua, na nikikueleza nachagua kati ya nini na nini utanicheka, lakini cheka taratibu, mwenzio huku chakula hakipiti.

Mimi ni dobi. Nafulia nyumbani, uani kwetu, mashuka ya nyumba ya wageni iliyo jirani na nguo za watu wasio na muda au wanaojifanya hawana. Mume wangu ni fundi baiskeli, na juu ya hapo ni mkimbiaji, mtaani wanamwita Upepo, na jina hilo hakujipa, alilipata kwenye mbio za mji wetu za kila mwaka, zile ndefu za kwenda mpaka kiwandani na kurudi uwanjani, ambazo kwa miaka mingi alikuwa akikosa kuwa wa kwanza basi ni wa pili, na zawadi yake ndiyo iliyotuezekea hii nyumba, ndiyo iliyoninunulia hata hili beseni ninalofulia. Sasa tangu wadhamini waongeze zawadi, wakimbiaji wa nchi za nje nao wameijua njia, wanakuja wembamba, wapole, hawana neno na mtu, kila mmoja na kibegi chake, wanakimbia, wanazoa zawadi kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, wanaaga vizuri na kuondoka. Mwaka juzi mume wangu alirudi na medali ile anayopewa kila aliyemaliza. Mwaka jana alirudi na chupa ya maji, tena nusu.

Lakini mshauri, ada ya shule haijui mgeni wala mwenyeji, binti yetu alikuwa karibu kurudishwa nyumbani, na ufundi wa baiskeli siku hizi ndio hivyo tena, watu wamehamia kwenye pikipiki. Nikaona nikipangishe kile chumba cha uani tulichokuwa tunaweka baiskeli mbovu. Akaja kijana mmoja mgeni, lugha yetu anaiongea kwa kuiokota okota, akalipa kodi na chakula mpaka mwisho wa mwezi ujao, papo hapo, na mimi fedha ile sikuilaza, niliipeleka shuleni siku hiyo hiyo. Niliporudi nikamkuta anatoa vitu kwenye kibegi. Jozi mbili za viatu vya mbio. Nikajua nimejipalia makaa.

Mume wangu akaviona vile viatu mlangoni, akaniambia, "Hongera mama. Anayekula zawadi yangu umemleta aje ale na wali wangu." Tangu hapo haitikii salamu ya kijana yule, anachungulia kopo la sukari, maji yakikatika anasema ni wageni, juzi paka wa jirani kapotea, yeye akakitazama kile chumba kwa muda mrefu kabisa.

Na mimi, mshauri, naona haya kukueleza, kwa kumpenda mume wangu nikaanza vijimambo. Kijana akinipa viatu vyake nimfulie, navianika nyuma ya pipa, kwenye kivuli, ili asubuhi avae vibichi. Yeye ananiambia, "Asante mama, leo miguu haikupata joto." Nikamwongezea mafuta kwenye wali ili awe mzito, akala, akakwangua sahani, akauliza kama kuna ukoko. Kila siku anazidi kung'aa. Nami nikimtazama naona ni mtoto wa mama mwenzangu, maana aliniambia kwao wamechanga nauli ndiyo akaja, na asipopata kitu hajui atarudi na uso gani.

Sasa sikia hili ndilo linaloniumiza. Mimi ni dobi, jasho la mkimbiaji nalijua, likikauka linaacha chumvi kwenye nguo, mistari myeupe kifuani na mgongoni, na harufu yake huwezi kuisingizia. Fulana za kijana ziko hivyo. Fulana za mume wangu, anayetoka kila alfajiri na kurudi amelowa chepechepe akihema, hazina chumvi. Hazinuki. Mwanzoni nilifikiri pua yangu imechoshwa na sabuni. Ndipo asubuhi moja napeleka mashuka, nikapita njia ya nyuma, kwenye karakana ya mbao, nikamwona Upepo wangu amekaa juu ya mbao anatafuna karanga na mlinzi, wanasimuliana, wanacheka. Baada ya muda akatazama saa, akaenda kwenye bomba, akajimwagia maji kifuani, akajimwagia mgongoni, akainua mkono akajimwagia na kwapani, mshauri, kwapani! Kisha akaruka ruka kidogo, akashika njia ya nyumbani anakimbia. Nilicheka mpaka nikautua mzigo. Halafu nikakaa juu ya mzigo wenyewe nikalia.

Sijamwambia kitu. Nilimdodosa tu kijana, maana naye hupita njia ile ile, nikamwuliza, "Huwa mnakutana na baba huko barabarani?" Akatazama chini, akasema, "Baba anakimbia njia nyingine. Njia ngumu." Na jioni ile ile mume wangu akanipa neno: "Ikifika Jumamosi awe ametoka huyo, la sivyo natoka mimi." Fedha ya kijana tumeshaila, ya kumrudishia sina, na mume wangu nampenda jamani, hata na maji yake ya bomba. Nimfukuze nani?

Ni mimi, Dobi Asiyekauka.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Umri unaruhusu, tena sana, kwa hiyo kaa nikuseme kidogo.

Kwanza viatu. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, wewe ukampa viatu vibichi. Aibu! Mtu kakulipa kabla hajakijua kitanda kikoje, anakuita mama, nawe unamvizia nyuma ya pipa. Na huo wali wa mafuta ndio umenichekesha zaidi. Mkimbiaji unamtilia mafuta ukidhani unamhujumu? Umemlisha, bibi wewe! Akishinda, wadhamini wakuite na wewe jukwaani. Kuanzia leo viatu vianikwe juani, na wali mpe kama kawaida.

Pili, hakuna anayefukuzwa. Fedha ya mtu umeshaila, chumba ni chake mpaka siku uliyomwahidi, na mumeo analijua hilo, maana binti anayesoma ni wake pia. Mgeni njoo, mwenyeji apone: umepona wewe, kapona binti, amebaki mmoja.

Tuje kwa huyo mmoja. Umeniandikia habari za mpangaji, lakini mpangaji hana kesi. Soma barua yako mwenyewe. Kila alfajiri kijana anapita karakana ya mbao. Anamwona nani pale na karanga zake? Mumeo angemchukia kwa kuwa ni mgeni, angemwambia atoke siku ile ile alipoviona viatu. Hakusema atoke. Amesema atoke siku uliyomdodosa kijana, na uani kwenu, naamini, sauti zinasikika. Mumeo hamfukuzi mshindani, mwanangu, anamfukuza shahidi. Na shahidi mwenyewe kaulizwa, akamfichia aibu. Njia ngumu, eti! Huyo kijana ana adabu kuliko sisi wote, na mimi nimo.

Sasa usije ukamcheka mumeo vibaya. Ndiyo, mimi nimecheka, hapo kwenye kwapa nimeweka kalamu chini. Lakini fikiri. Mtu aliyezoea kuitwa Upepo, kaenda na nguvu zake zote akarudi na nusu chupa ya maji. Akijifua mwaka mzima kisha akashindwa, itabidi akubali kwamba amepitwa. Asipojifua, anabaki na la kusema: ni wageni. Ni ujinga, lakini ni ujinga wa mtu mwenye maumivu. Na kumbuka, angeweza kubaki kitandani akakwambia ameacha. Badala yake anaamka na baridi yote hiyo, anajimwagia maji ya bomba, ili wewe usione kwamba amekata tamaa. Hayo ni mapenzi. Yamepinda, lakini ni mapenzi.

Juu ya wageni nitasema neno moja, na mumeo alisikie pia. Barabara haina mwenyewe, anayetangulia ndiye anayetangulia, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini kudai haki si kulalamika. Yeye na wakimbiaji wenzake wa hapo waende kwa kamati ya mbio, waombe itengwe zawadi ya wenyeji, hata ndogo, pembeni ya zile kubwa. Waende wamevaa vizuri na waseme kwa adabu. Ila mwenye fulana isiyonuka atasimamaje mbele ya kamati? Ndiyo maana tunaanza na fulana.

Fanya hivi. Kesho alfajiri amka naye. Vaa raba zako, kama huna azima kwa binti. Mwambie kiuno kimekukaza kwa kuinamia beseni, unataka kunyoosha miguu, akusindikize. Wala si uongo, dobi gani hana kiuno? Atababaika, atasema njia ni mbaya, atasema kuna mbwa. Wewe toka tu. Mkifika kwenye karakana msalimie mlinzi, na lile bomba usilitazame hata kidogo. Sema umechoka, kisha ukae juu ya zile mbao, pale pale anapokaa yeye, umwambie, "Nenda baba, mimi nakusubiri hapa." Atakwenda. Atafanyaje, na kiti umekikalia wewe? Huko mbele atakutana na kijana, na waachie wenyewe watakavyosalimiana. Wanaume wakikimbia pamoja hawana pumzi ya kununiana.

Ulilomwona akilifanya bombani usimwambie, si kesho wala Jumamosi. Liweke. Mtalicheka wawili mkiwa hamna meno.

Akirudi, usimwulize amefika wapi. Rudini nyumbani, mpokee fulana, na kabla hujaitia kwenye beseni, inuse. Ikinuka, mwanangu, Upepo wako amerudi. Na Jumamosi pika wali wa watu wote.