Penye Dhehebu Kaandika "Sina"

Kilole, Korogwe
12 Februari 2023

Mwanangu Asnath,

Hujambo? Mimi mzima, ila magoti yananikumbusha umri. Nakuandikia kwa sababu maneno ya simu huisha na vocha.

Barua ya posa ya huyo Laurenti wako nimeipata. Mwandiko mzuri, adabu ipo, mshenga wake hata tai kavaa. Lakini penye dhehebu kaandika: "Sina. Sisali." Mwanangu, mimi ni mwinjilisti! Asiyemwogopa Mungu, siku akikuchoka, nani atamkataza kukuacha? Bila amri, mtu hufuata tumbo lake. Posa siipokei.

Ni mimi baba yako,
Hiza

Handeni
20 Februari 2023

Baba, shikamoo.

Pole na magoti. Huku mvua bado, maji tunanunua kwa madumu, lakini sijambo.

Laurenti angeandika "Mlutheri" tu, sasa hivi mngekuwa mnapanga tarehe. Mafundi wenzake walimshauri hivyo. Akasema hawezi kuingia ukweni kwa uongo. Hilo nani alimwamuru?

Nikuulize jambo, usinikasirikie. Mama alipolala kitandani miaka mitatu, ulimwogesha wewe, ukamgeuza, ukamlisha uji kwa kijiko. Shangazi alitaka kukusaidia ukakataa. Ulifanya vile kwa kuwa uliamriwa?

Bila baraka yako siolewi. Na mwingine simtaki.

Mwanao,
Asnath

Kilole, Korogwe
9 Julai 2023

Mwanangu,

Hujambo wewe? Nisamehe kwa kimya hiki kirefu. Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi, mwanzoni kwa hasira, baadaye kwa haya.

Jibu langu hata mchungaji hajalisikia. Miaka ile mitatu sikusali. Kanisani nilisimama, midomo ikatembea, lakini moyoni sikuwa na neno na Mungu. Nilimkasirikia mno. Na kila asubuhi nilichemsha maji ya mama yako, nikayapima kwa kiwiko yasimuunguze. Kama ingekuwa ni amri iliyonishika, ningemwacha mama yako Dorkasi wakati ule. Sikuwaza hata mara moja.

Imani ilirudi, polepole. Bado naamini wema watoka kwa Mungu, ila sasa najua huwafikia hata wasiosema naye.

Mwambie Laurenti amrudishe mshenga. Naye aje mwenyewe. Kabla hata ya chai nitamsimulia habari za miaka ile. Si haki yeye peke yake awe mkweli katika ukoo huu.

Baba yako akupendaye,
Hiza