Bega la Mpasua Mbao

Jumatatu, 6 Agosti 1951

Pugu. Gogo la mvule toka asubuhi. Mimi juu ya gogo, mwenzangu Maganga chini shimoni, msumeno katikati yetu. Maumivu ni yaleyale. Yanaanzia chini ya shingo, yanashuka bega la kulia, yanajibanza nyuma ya kombe. Tangu masika. Mshika juu ndiye anayeongoza mstari. Hicho ndicho cheo changu na simpi mtu.

Jumatano, 8 Agosti

Mke wangu Mwajuma kanikanda kwa maji ya moto, kisha mafuta ya nazi. Nimemwambia nililala vibaya.

"Umelala vibaya toka masika?"

Nikavaa shati.

Ijumaa, 10 Agosti

Zahanati. Dresa kanipa dawa ya kuchua, inanuka mpaka majirani wanajua. Kasema niache msumeno mwezi mzima. Rahisi kusema, yeye anashika bomba la sindano. Nikikaa nyumbani mwezi, tajiri wetu mwenye mbao anapandisha mtu mwingine juu ya gogo langu na ndiyo basi. Dawa nimechukua. Ushauri nimemwachia mezani.

Jumapili, 12 Agosti

Chanika, kuumikwa. Mzee kachanja, kabandika pembe, kanyonya. Damu nyeusi. Nimerudi kwa miguu, mwepesi, nimelitukana bega njia nzima.

Jumatatu, 13 Agosti

Wepesi uliisha kabla ya saa nne. Nikaongeza nguvu. Bega likikataa, mimi navuta zaidi. Tuone nani mwenye mwili huu.

Jioni msumeno ulikuwa umeuacha mstari wa masizi tuliopiga kwenye gogo. Ubao mnene huku, mwembamba kule. Haijawahi kunitokea. Tajiri kaupapasa kwa kidole, hakunitazama. Kamwambia Maganga ukitoka mwingine kama huo atatafuta mshika juu mpya. Mimi nimesimama palepale. Nimechukia mpaka ugali nimeuacha.

Jumanne, 14 Agosti

Msumeno mwepesi leo. Nikasema dawa hiyo. Halafu nikachungulia shimoni. Maganga anausukuma juu kwa mikono miwili, uso mzima unga wa mbao, kisha anauvuta tena chini. Anafanya kazi yake na yangu.

Nilishuka nikamwambia akome, mimi si maiti wa kubebwa.

"Maiti wa Kizaramo ana mdomo hivi?" kasema, akacheka.

Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Watani hawakasirikiani. Mimi nilikasirika, na bado.

Jumatano, 15 Agosti

Nimefika nikamkuta Maganga juu ya gogo. Kakaa, miguu inaning'inia, msumeno mapajani. Kapaza sauti mashimo yote yasikie.

"Mtumwa wangu kachelewa, nimechukua kiti chake. Shuka shimoni, Mzaramo."

Watu wakacheka. Mtani akichukua kitu chako huwezi kukidai. Kwenye msiba wa baba alinivua kofia mbele za watu, nami nikacheka kama desturi inavyotaka. Leo ningekataa ningeonekana sijui utani. Hakuna aliyesema nimeshindwa. Hakuna aliyetaja bega. Hasira zilinipanda zikakosa pa kutokea. Nikashuka.

Chini unavuta kwa uzito wa mwili mzima, unauning'inilia. Kupandisha ni kazi ya wa juu. Unga umenijaa machoni, masikioni, mdomoni. Lakini mstari nauona hata kutoka huko. Alipoanza kupotea nikampigia kelele, akarudi. Mara nne nimempigia kelele, na ya tano bila sababu.

Ubao umenyooka. Tajiri kapita, katazama, kaenda zake.

Ijumaa, 17 Agosti

Shimoni tena. Kanitangulia tena, na tena kelele zake za "mtumwa wangu." Nimemtukana ukoo wake wote mpaka Tabora. Bega linauma, ila halichomi. Dresa asije akadhani nimemtii.

Jumapili, 19 Agosti

Hakuna kazi. Mwajuma kanikanda. Nimemweleza kwamba siku hizi niko chini. Kaongeza mafuta.

Mchana nimelala kifudifudi kwenye mkeka. Upepo mzuri. Kesho kuna gogo jipya. Mimi huwa wa kwanza kuamka hapa kwetu, Maganga anajua, na juzi nilimwona macho mekundu kwa kuamka alfajiri ili anitangulie.

Kesho nitachelewa makusudi.