Unga Haurudi Kuwa Punje

Yoeli mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Nzuguni tu wazima, hata mama yako kaacha kukohoa. Nimeshusha pumzi kusikia mwizi aliyeingia kwenye tovuti yenu alikuta maneno ya siri ya watu yamesagwa kama unga, hayasomeki. Sasa, msomi mzima, unaniuliza utamtambuaje mwenye neno akija, nawe umebaki na unga tu!

Usichanani mwangu, ng'ombe wetu tuliwaweka kwa shangazi. Mama alimwachia unga wa nafaka alizochanganya kwa siri. Anayetumwa kuwachukua huja na punje za mchanganyiko uleule. Shangazi husaga, huonja, hulinganisha. Akaja tapeli, keshauchungulia ule unga.

"Mwenye ng'ombe kanituma."

"Punje ziko wapi?"

Unga aliuona, lakini hakujua ni punje zipi zilizousaga; akaondoka mikono mitupu. Ng'ombe wakabaki zizini, tukapumua.

Basi nawe akija mtu, lisage neno lake. Unga ukifanana, mfungulie. Usipofanana, alale nje.

Bibi yako asiyejua kompyuta