Godoro la Hewa Nililolijaza kama Tairi

Mpendwa mshauri, Mama Febronia, shikamoo. Mimi ni Danstan wa Nyakahura, naomba msaada kabla sijaharibu zaidi, maana jambo hili hata mke wangu Adventina simwambii lote.

Mama yangu, Leonsia, alipigwa na kiharusi mwaka jana, hainuki, na kwa kulala sehemu moja akatoka kidonda chini ya mgongo, na mimi mtoto wa kiume siwezi kumtazama mama yangu huko, kwa hiyo nilikijua kwa harufu tu na kwa uso wa Adventina akitoka chumbani. Mimi napeleka ndizi kwa baiskeli kambini kwa wakimbizi, na huko nikamweleza muuguzi mmoja Mnyarwanda, Véronique, akaniazima godoro la hewa. Mama Febronia, sijawahi kuona kitu kama kile! Limekunjwa dogo kama shuka, likipulizwa linainuka vijumba vijumba, mama akalazwa juu yake, akasema, "Danstani, godolo hili linanishika kama maji." Tukaacha kazi tukakaa tunalitazama, majirani wakaja wakavua viatu mlangoni, mzee Bulugu akauliza kama ndani ni hewa hii hii tunayovuta bure, na baada ya mwezi Adventina akaniambia kidonda kinafunga, nikalia mbele za watu.

Sasa kosa langu. Niliona godoro limelegea, na mimi ni mtu wa baiskeli, tairi likilegea na mikungu sita juu yake hufiki popote, basi nikachukua pampu yangu nikalijaza mpaka likawa ngo! ukiligonga, nikajisifu kwa majirani, tena nikamwambia Adventina aache kumgeuza mama, godoro linatosha. Wiki mbili sasa ananiambia ngozi pembeni ya kidonda imekuwa nyeusi na ya moto. Véronique alinikataza kuongeza upepo, na kila akiniuliza namjibu mama ni mzima. Nikisema ukweli akalichukua godoro lake, mama atakufa. Nifanyeje?

*

Marahaba, mwanangu Danstan. Pole wewe, na pole sana mama. Kwa kulishangaa godoro sikucheki. Nimeuguza miaka ishirini na miwili, nimeona vidonda vya namna hiyo vikifika mfupani, na niliposoma kwamba cha mama kilikuwa kinafunga pale pale nyumbani, nilivua miwani nikaifuta, nikasoma tena. Hewa tupu, na ngozi ya mtu inarudi! Mungu ni mkubwa.

Lakini wewe nawe! Mama yako ni mkungu wa ndizi? Tairi linajazwa ili lisibonyee. Godoro hili linasaidia kwa kubonyea: mwili unazama kidogo, uzito unagawanyika, damu inapita. Ulipolijaza ulimrudisha mama juu ya ubao. Na kumgeuza kuko palepale, kila baada ya saa mbili, hakuna godoro linalofuta kazi hiyo. Ulimkataza mkeo kazi aliyoijua kuliko wewe, kamwombe radhi.

Leo hii fungua kizibo, upepo utoke taratibu. Pitisha mkono chini ya godoro, usawa wa makalio ya mama. Huvunji heshima yoyote, yeye yuko juu amejifunika. Kati ya mkono wako na mwili wake ibaki hewa ya unene wa vidole viwili. Ukigusa mwili, umetoa mno. Kisha Adventina amlaze ubavu, asiilalie kabisa ngozi hiyo nyeusi.

Halafu nenda kwa Véronique useme yote, la pampu na la uongo. Atakugombeza, na unastahili. Lakini muuguzi akisikia ngozi inaharibika anamkimbilia mgonjwa, hakimbilii godoro. Mlete aione mwenyewe.

Limebaki moja, nalo limenisumbua kuliko pampu. Wiki mbili mama amelalia kitu kigumu, na barua yako haina neno lake hata moja kuhusu maumivu. Alikuona unavyojisifu, akaona asikuvunje moyo. Ukimaliza kusoma hapa, kaa karibu naye umuulize, "Mama, linakuuma?" Kisha nyamaza mpaka ajibu.