Shuka Katikati ya Gari

Sanduku la Posta 14,
Ruiru.
Tarehe 9 Januari, 1955

Mpenzi dada Selpha Aketch,

Bwana asifiwe. Ninakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na watoto pia ni wazima, Magdalene amepona kile kikohozi. Sijui ninyi huko Kisumu mnaendeleaje na mbu, na yule mtoto wako mdogo kama amemaliza kuota meno. Barua yako niliipokea Ijumaa kutoka kwa karani wa shamba. Nikaisoma nikiwa nimesimama pale pale kwenye mizani ya kahawa, nikacheka peke yangu mpaka wachumaji wakaniuliza kama nimeachiwa urithi.

Unasema Opiyo amepata gari, na Pasaka mnataka kuja huku na watoto wote watano, kwa hiyo nikuandikie vitu vya kubeba, kwa vile sisi tulisafiri kwa gari wakati wa Krismasi. Nitakuandikia, dada. Lakini usidhani tulifika. Tulitoka asubuhi, na usiku tulikuwa hapa hapa Ruiru tukila kuku wa safari kwenye meza yetu wenyewe.

Kwanza beba madebe mawili ya maji, moja la kunywa na moja la kumwagia rejeta gari linapochemka, na usiruhusu mtu ayachanganye. Beba viraka vya tairi, pampu na jeki. Jeki isikae chini ya mizigo, utanishukuru. Beba ndimu za watoto wanaotapika, na matambara, mengi kuliko unavyofikiri. Viazi vitamu vilivyochemshwa vinashinda mkate kwa sababu havivunjiki. Na kamba ya katani. Hiyo huku upande wa Thika tunapata ya bure, kwenu sijui.

Sisi tulibeba pia shuka la marekani, kubwa, jipya. Hilo lazima nikueleze.

Unajua mama yangu anakaa Murera na mdogo wangu Ngina. Macho yake yameanza kwenda, anamwagia uji nje ya kikombe. Sasa Ngina anaolewa Machakos, anaondoka mwisho wa mwezi huu, na mama hana mtu mwingine ila mimi. Nilimwomba Urbanus, baba Magdalene, amjengee chumba nyuma ya nyumba yetu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasema tutampeleka Kitui kuona ndugu zake Krismasi hii, na akikaa vizuri kwenye gari lake safari nzima bila kumtukana, atajenga. Kwa hiyo sisi wengine tulikuwa tunakwenda likizo, dada, lakini mama yangu alikuwa anakwenda mtihani.

Hawa wawili hawajapendana tangu posa. Mama alisema mbele ya wazee kwamba binti yake anaolewa na mtu wa kunuka petroli, na Urbanus si mtu wa kusahau. Halafu juu ya chuki yao kuna mila. Kwenu najua mkwe huheshimiwa, lakini kwetu Wakamba imezidi. Mwanamume na mama wa mkewe hawaonani uso, wala hawatajani jina. Wakikutana njiani kila mmoja anaingia majani ya upande wake. Wengi wetu tuliookoka tumeacha. Mama amebatizwa, lakini hili hajaliacha, na Urbanus naye analishika kwa sababu linamfaa. Ni njia nzuri ya kumchukia mtu bila kupata dhambi.

Ndiyo maana ya shuka. Urbanus alilifunga kwa katani katikati ya gari lake la boksibodi, yeye na Kaleli mdogo mbele, mama, Magdalene na mimi nyuma. Nikawa posta.

Tulipofika Murera kumchukua, mama alikuwa amekaa juu ya gunia la ndengu, na kuku hai mkononi. Urbanus akatazama ile mizigo, akaniambia kwa sauti ya kusikika Thika nzima nimwambie mama huyo kwamba hili ni gari, si ghala. Mama akaniambia nimwambie mtu huyo kwamba ndengu hizi ni za watu wanaojua kulima, si wa kuzungusha usukani wa mzungu. Urbanus akatoa kisanduku chetu cha mbao, kilichokuwa na vikombe na makaratasi, akakibwaga mlangoni kwa Ngina ili gunia lipate nafasi. Akaliingiza kwa teke.

Kutoka hapo mpaka Thika hawakupumua. Mwambie asipige breki kama anaua nyoka. Mwambie akiona vibaya ashuke atembee, miguu anayo. Mwambie baba yake alikuwa mtu mzuri, sijui huyu walimwokota wapi. Tulipokuwa tunatia petroli mjini, Magdalene akaniuliza kama bibi na baba ni viziwi, kwa maana kila neno wanalisikia halafu wanangoja mimi nilirudie. Nilicheka, Mungu anisamehe. Lakini tulipovuka Thika, mama akasema kwamba hata akijengewa chumba cha mawe atalala ameuelekeza mgongo kwenye nyumba ya mtu huyo. Urbanus akasimamisha gari. Hakuniambia nimwambie mtu. Alisema akitazama kioo cha mbele kwamba chumba hakuna, na tukirudi kutoka Kitui atamshusha mama kwa Ngina, na Ngina akiondoka yeye hajui. Akatia gia tukaendelea. Nyuma ya shuka mama alikuwa anafunga na kufungua fundo la leso yake.

Maili saba hivi kupita Thika kulikuwa na kizuizi. Unajua hii Emajensi ilivyo, hapiti mtu bila karatasi. Askari walikuwa wanne, si watu wa huku. Mmoja akaona shuka, akaona kuna mtu nyuma yake anajificha uso. Ungefikiri nini wewe? Akalichana kwa mdomo wa bunduki. Mama akajifunika leso kichwa kizima.

Wakatushusha wote. Askari akamwuliza Urbanus huyu bibi aliyejifunika ni nani. Akajibu ni mama wa mke wake. Jina lake? Urbanus akanyamaza. Askari akamwuliza mama, huyu dereva anaitwa nani? Mama akanyamaza. Yule askari akacheka, akawaambia wenzake njooni mwone watu wa nyumba moja wasiojuana majina. Halafu akaacha kucheka. Mimi nilifungua mdomo kueleza, akanifokea ninyamaze, kwamba mke husema kile alichofundishwa na mumewe. Akataka karatasi.

Karatasi tulikuwa nayo. Bwana wa shamba alituandikia barua ya kupita, yenye majina yetu wote yaliyopigwa taipu, la mama likiwemo, na Urbanus alinipa mimi niitunze. Akanigeukia akauliza iko wapi. Nikajibu kuwa labda imebaki kwenye kile kisanduku Murera.

Askari akampiga Urbanus kofi. Kofia yake ikaruka ikaanguka miguuni pa mama. Akampiga la pili, akamchuchumaza chini mbele ya watoto wake, Kaleli akipiga kelele, na yule mwingine akainua kitako cha bunduki.

Hapo mama akasimama. Akavua leso. Akamtazama Urbanus usoni, mara ya kwanza katika miaka kumi na mitatu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba huyu ni Urbanus Mbuvi, mume wa binti yangu, ni mtu wa kazi, na mimi ni Syombua, mwacheni. Urbanus akafunika macho kwa mikono yake yote miwili kama mtoto aliyeona baba yake uchi.

Wale askari walichoka nasi, nadhani. Wakatuambia turudi tulikotoka. Mama alikataa kuingia garini. Alichukua kuku wake akaanza kutembea, nami nikamfuata kwa miguu, Urbanus akatangulia na watoto. Tulitembea mpaka Murera jua likiwa linazama, na njia nzima alisema jambo moja tu, kwamba leo amevuliwa nguo mbele ya mtoto wake.

Tangu siku hiyo ni vita, Selpha. Urbanus anasema mama alijua jina lake tangu mwanzo, akangoja apigwe kwanza ndipo aseme. Anasema ni gunia la mama la ndengu lililotoa kisanduku chenye barua. Mama anasema mtu huyo alikiacha kisanduku makusudi, ili yeye mama arudishwe njiani mbele ya watu. Krismasi nilimpelekea chakula, akakirudisha sahani ikiwa imefunikwa vile vile. Urbanus ameahidi, na ameapa kwa jina la baba yake, kwamba mwanamke huyo hatalala kwenye uwanja wake. Na Ngina anaondoka baada ya wiki tatu.

Sasa nikwambie lile ambalo sijamwambia mtu, hata mchungaji.

Barua ya bwana wa shamba haikuwa kwenye kisanduku. Ilikuwa ndani ya Biblia yangu, na Biblia ilikuwa kwapani mwangu wakati wote ule. Nilijua. Askari alipotaka karatasi nilikuwa naishika kwa nje ya jalada. Lakini nilikuwa bado nina hasira ya lile la chumba, nikaona, Mungu mwenyewe amewasimamisha hawa wawili mahali ambapo lazima watajane. Nikajiambia wacha watajane. Wakishatajana, mila imekwisha, shuka limekwisha, mama yangu atakuja kukaa kwangu. Nilikuwa nimeliombea jambo hilo miaka mingi, nikadhani ndilo jibu. Sikufikiria kofi. Na lilipokuja la kwanza, ningeitoa, ningesemaje? Kila pigo lilifanya iwe vigumu zaidi kuitoa. Mwanamume wangu alipigwa kwa barua niliyokuwa nimeikumbatia, dada, na mama yangu akatoa heshima yake ya mwisho kulipia.

Leo kanisani akina mama waliniomba niongoze maombi. Nikasema koo linaniuma.

Jumamosi nitamwomba Urbanus anipeleke Murera, abaki garini kama kawaida yake. Nitamweka mama mlangoni. Nitasimama katikati yao, pale wote wawili wanaponisikia, nitoe ile barua nieleze. Urbanus anaweza kunirudisha kwetu; basi nitakaa Murera na mama, kama atanipokea, na hatakuwa peke yake. Au watanitukana wote pamoja. Nimewaza sana juu ya hilo. Miaka kumi na mitatu hawajakubaliana neno hata moja, na sasa nitawapa neno la kukubaliana. Wakinichukia wote kwa siku moja, pengine kesho yake mmoja atamwuliza mwenzake, tumfanyeje huyu. Na wakiulizana hivyo, hawatanihitaji mimi kupeleka maneno.

Usinijibu kabla ya Jumamosi, nisije nikapata maneno ya kunitia moyo nikasubiri. Pasaka njooni, na kama hamtanikuta Ruiru ulizeni Murera. Barua ya kupita mpe Opiyo mwenyewe aiweke mfukoni mwa shati.

Msalimie Opiyo, lakini usimsomee. Wabusu watoto, na mama mkwe wako mpe mkono kwa niaba yangu. Neema ya Bwana ikae nanyi.

Ni mimi rafiki yako katika Kristo,
Mbithe wa Urbanus
(mama Magdalene)