Kopo la Baba Mkwe

Wewe, uko wapi? Nimeumbuka leo, sina pa kuficha uso.

Si unajua Virginia, ile tumbaku ya kiko ya baba mkwe, haitengenezwi tena, na lile kopo lake ndilo la mwisho? Nikampelekea pakiti ya tumbaku nyingine inayokaribiana nayo, nikijua leo nitasifiwa.

Akajaza kiko, akavuta mara mbili. "Mwanangu, hizi ni nyasi za godoro."

NYASI ZA GODORO.

Akanijazia kiko changu kutoka kwenye kopo lake. "Onja Virginia yenyewe." Nami, mwaka mzima najifunza kuonja tumbaku, nikafumba macho kabisa. "Kweli, baba. Hapa kuna asali. Kuna na ganda la mkate. Ni mbingu na ardhi."

Mama mkwe alikuwa anakunja nguo. Hata kichwa hakuinua. "Kopo hilo nalijaza mimi. Kwa pakiti kama hiyohiyo aliyoleta mkweo."



Mzee akauliza polepole, "Yangu iliisha lini?"

"Mwaka juzi, ulipokuwa unaumwa. Nilikuonea huruma."

Mzee akalitazama kopo weee, kisha akajaza tena kiko.

"Lakini asali ipo," akaniambia.

Nikasema, "Nyingi sana, baba."